Jina Halirithiwi: Miaka Yangu na Kabati la Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla geti halijafunguliwa, nikasimama upande wa pili wa barabara ili mlinzi asinidhanie vibaya. Nilikuwa na nakala za vyeti kwenye bahasha, na nakala nyingine za vyeti hivyohivyo kwenye begi, kwa hofu kwamba bahasha ingelowa. Haukuwa msimu wa mvua. Mlinzi alinivumilia kwa muda, kisha akavuka barabara.

"Umepotea, kijana?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Nimeajiriwa hapa."

"Marahaba. Sasa mbona unajificha kama umekuja kuiba?"

Nilianza kumweleza. Nilimweleza hadi geti likafunguliwa na mtu mwingine.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaosoma kompyuta hapa Kigoma huniuliza kazi ile ilikuwaje. Marafiki wa baba yangu pale bandarini hucheka nikisema nimestaafu, maana sina hata mvi moja. Lakini ofisi imefungwa, funguo zimerudishwa, na watu tuliowahudumia wengi wao wamerudi kwao. Nimelitafakari sana neno hilo, kama ninavyotafakari sana kila kitu, na sijapata lingine linalofaa. Kazi yangu imeisha, nami nimeimaliza vizuri. Huko ndiko kustaafu.

Ofisi ilikuwa ya shirika lililohudumia wakimbizi waliokuwa wakiingia kutoka Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa boti wakifuata ufukwe wa ziwa. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Takwimu, mtu wa Iringa, mrefu, mpole, aliyevaa sweta hata saa saba mchana. Alizipokea nakala zangu zote, za bahasha na za begi, bila kuzisoma.

"Chuo wamekufundisha nini?"

Nikaanza kumtajia masomo kwa mpangilio wa mihula.

"Basi, basi. Unajua kihariri cha sifa ni nini?"

Nilijua, lakini niliogopa kwamba ninachokijua mimi sicho anachokiuliza yeye, kwa hiyo nikasema sijui. Akacheka, akavuta kiti, akanionyesha. Namshukuru hadi leo kwamba alinieleza kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu maelezo yake ndiyo ninayoyatumia nanyi.

Ukurasa wetu ulifunguliwa kwenye kivinjari kama tovuti yoyote. Kushoto palikuwa na orodha ya kaya, katikati ramani ya kambi, na kulia ukanda mwembamba. Ukanda huo ndio kihariri cha sifa. Ukibofya kitu chochote, iwe mtu, hema, bomba la maji au basi, ukanda unajaa sifa za kitu hicho: upande mmoja jina la sifa, upande wa pili thamani yake. Bofya bomba, utaona linatoa maji au halitoi. Bofya mtu, utaona amezaliwa lini, ametoka kijiji gani, anaumwa nini. Ukitaka kubadilisha, unabadilisha hapohapo.

Ni kijenzi, yaani kipande cha programu kilichotengenezwa na wengine, unachokipachika kwenye ukurasa wako kama fundi seremala anavyonunua kitasa badala ya kukichonga. Hutengenezi ukurasa wa mtu na ukurasa mwingine wa bomba. Unaandika faili moja la maelezo, unauambia ukanda: mtu ana sifa hizi, bomba lina hizi, hii ni tarehe, fungua kalenda, hii ni ndiyo au hapana, weka kisanduku cha tiki, hii ina majibu yanayojulikana, weka orodha ya kuchagua. Yanayobaki kijenzi hufanya chenyewe.

"Faili hilo la maelezo," alisema Mkuu wa Kitengo, "kuanzia leo ni lako."

Siku hiyo sikula mchana.

Meza ya pembeni alikaa karani aliyeitwa Sabina, mama wa mtaa wa Katubuka, Muha kama mimi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Yeye hakuwahi kusema kihariri cha sifa. Alisema kabati. "Fungua kabati la huyu baba." "Kabati limegoma." Baada ya muda ofisi nzima ilisema kabati, hata Mkuu wa Kitengo mbele ya wageni. Na mimi Sabina alinibatiza palepale.

"Chiza wa Wasiwasi," alisema. "Umeshahakikisha kama kiti ni chako?"

Nilikuwa nimehakikisha.

Nilitumwa kwanza kituo cha mapokezi, uwanja wa michezo uliogeuzwa mahema, si mbali na Kibirizi. Upepo ukibadilika tulifanya kazi ndani ya harufu ya dagaa wanaoanikwa. Boti ziliwashusha watu ufukweni, mabasi yakawaleta uwanjani, makarani wakawaandikisha, na baada ya siku kadhaa mabasi mengine yakawapeleka bara, kwenye mojawapo ya kambi mbili. Ukanda wa kulia ndio uliochapa kadi ya kila mtu. Bila kadi hupandi basi, hupewi kiwanja, hupewi chakula.

Pale ndipo nilipojifunza kazi. Chuoni nilikuwa nimeuona ukanda ukitumiwa na mtu aliyekaa kivulini, mwenye muda. Karani wa mapokezi hana muda. Anaandika umri wa mzee, mara mtoto anaanguka nyuma ya foleni, karani anageuka, mkono unabofya jina jingine, na ukanda unahifadhi kile kilichokwisha kuandikwa, maana ndivyo ulivyotengenezwa: ukihama kwenye kisanduku, thamani inahifadhiwa. Ndiyo maana siku moja babu mmoja, mtu mzima mwenye fimbo, aliitwa kwa kipaza sauti aende kupokea uji wa watoto wa miaka saba. Tarakimu ya pili ya umri wake ilibaki kidoleni kwa karani.

Uwanja mzima ulicheka, na babu mwenyewe akaenda akaupokea uji wake na kuunywa. Mimi sikucheka. Nilijiuliza ni wazee wangapi wamekuwa watoto na watoto wangapi wamekuwa wazee bila kuitwa kwa kipaza sauti. Niliandika upya tabia ya ukanda: ukibonyeza Enta, imehifadhiwa, ukighairi, inarudi ilivyokuwa, ukihama bila kubonyeza lolote, unaulizwa kwanza.

"Sasa kabati linauliza maswali kama wewe," alisema Sabina, ambaye naye alihamishiwa kituoni.

"Ndiyo."

"Linachosha kama wewe."

"Ndiyo, dada Sabina."

Lakini hakuna mzee mwingine aliyekunywa uji pale, na wiki moja baadaye nilimsikia akimfundisha karani mgeni: "Ngoja likuulize. Likikuuliza, ujue limekuokoa."

Nililifikiria kila kisanduku namna hiyo. Ukichagua watu wengi kwa pamoja ili uwabadilishie kitu kimoja, ukanda uonyeshe nini pale ambapo thamani zao ni tofauti? Wengine huonyesha ya mtu wa kwanza, na karani asiyejua anadhani wote wako hivyo. Wa kwangu uliandika "zinatofautiana", na haukugusa chochote hadi uandike kwa makusudi. Mambo madogo haya hayaonekani. Yanaonekana pale tu yanapokosekana, na nilichokuwa najivunia ni kwamba hayaonekani.

Sasa nifike kwenye siku ninayoulizwa zaidi.

Makao makuu, yaliyokuwa mbali nasi kwa kila maana, walituletea toleo jipya la mfumo. Lilianza kazi asubuhi moja ya siku ya mabasi. Jipya lililosifiwa sana lilikuwa kurithi. Badala ya karani kuandika kijiji, lugha na dini kwa kila mtu wa kaya, angeziandika kwa mkuu wa kaya tu, na wengine wangezirithi. Thamani iliyorithiwa ilionekana kwa maandishi ya kijivu; ukiandika ya kwako juu yake, inakuwa nyeusi. Ni mbinu nzuri, mimi mwenyewe nimeitumia mahali pengi. Shida ni kwamba kwenye sifa zinazorithiwa waliweka pia "jina la ukoo". Tena wakaongeza sharti: mtoto ambaye jina lake la ukoo halifanani na la mkuu wa kaya hahifadhiwi kwenye kaya hiyo. Anawekwa peke yake, na mfumo unampangia familia ya kumlea, kambi yoyote yenye nafasi.

Nilikuwa nikisoma maelezo hayo nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi, Sabina aliponiita kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara.

Mbele ya meza yake walisimama wasichana watatu. Wawili walikuwa wa kimo kimoja, wa kama miaka kumi na minne, na wa tatu alikuwa mdogo, amemshika mmoja wao sketi. Walikuwa wametenganishwa na mama yao kwenye msongamano wa boti. Kwenye ukanda, kila mmoja alikuwa peke yake. Mmoja alipangiwa kambi ya kaskazini na wawili kambi ya kusini, nao kwa familia mbili tofauti.

"Mwambieni majina yenu," alisema Sabina.

"Bukuru," alisema mmoja wa wale wakubwa.

"Butoyi," alisema pacha wake.

Yule mdogo akanong'ona kwenye sketi: "Ciza."

Mtu wa huku kwetu hahitaji kuambiwa zaidi. Kwa Warundi, na kwetu Waha vilevile, kila mtoto hupewa jina lake, si la baba yake. Lakini mapacha wana majina yao: wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Kwetu Mwandiga tunaandika Chiza, na ndilo jina langu, kwa sababu nilizaliwa nyuma ya dada zangu mapacha. Ukiwapanga watoto hao watatu mbele ya bibi yeyote wa Ujiji, atauliza mama yao yuko wapi. Mfumo wetu uliwaona watu watatu wasiojuana.

Mratibu wa Safari alifika akiwa na filimbi shingoni. Alikuwa mama wa Tanga, mwepesi wa miguu na wa maamuzi, na mabasi yake yalikuwa yamewashwa.

"Kwani shida nini? Waandike wote jina moja. Wote Bukuru. Watarithi, watapanda basi moja, tumemaliza."

Na kweli ingewezekana. Sabina alikuwa ameshaweka kidole. Ni Bukuru mwenyewe aliyekataa.

"Oya, hapana," alisema. "Huyu si Bukuru. Huyu ni Butoyi."

"Ni kwa ajili ya kadi tu, binti yangu," alisema Mratibu. "Nyumbani mtaitana mnavyotaka."

"Mama akifika atauliza Butoyi. Atauliza Ciza. Mtamwambia hawapo."

"Atauliza na Bukuru, si upo?"

"Mabukuru wangapi wako hapa, mama?"

Kwenye uwanja ule Bukuru walikuwa wengi, kama ilivyo popote palipo na mapacha. Yule binti alikuwa amekwisha kulipima jambo lote kuliko nilivyolipima mimi, na mimi hupima hata njia ya kwenda msalani. Wakitenganishwa wangepotezana. Wakiunganishwa kwa jina la uongo, mama yao ndiye angewapoteza.

Kisha akanitazama kadi yangu ya kifuani.

"Kaka, wewe ni Ciza?"

"Ndiyo."

"Wa kweli?"

"Wa kweli. Bukuru wangu yuko Mwandiga, anauza mawese. Butoyi wangu ameolewa Kasulu."

"Basi waambie," alisema, akakunja mikono.

Nilimwomba Mratibu muda. Aliangalia mabasi, akaniangalia mimi, akasema atapakia mizigo kwanza na kwamba mizigo ya Warundi haina mwisho, lakini nisimzoee. Nikaenda mbio kwenye hema la Mkuu wa Kitengo, ambaye siku za mabasi alishuka kituoni. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua sweta, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Sharti hilo hawakuliweka kwa ujinga," alisema. "Kuna watu wanachukua watoto wa wenzao. Anakuja mtu na watoto sita, anasema wote wangu. Ukiliondoa sharti, umemfungulia mlango."

"Siliondoi, mzee. Nataka kulihamisha."

"Kulihamisha wapi?"

Hapo ndipo wasiwasi wangu wa miaka yote ulipogeuka kuwa kitu cha maana, kwa sababu nilikuwa nimewaza jambo hilo kwa pembe nyingi kabla hajauliza. Nikamwambia jina ni sifa ya mtu mmoja, na halipaswi kurithiwa. Undugu si sifa ya mtu mmoja. Ni kitu kilicho kati ya watu wawili, kwa hiyo kiwe na kisanduku chake: uhusiano. Ukikibofya, unachagua mtu wa pili, unachagua ni nani kwake, na hakihifadhiwi hadi mashahidi wawili wa kijiji kimoja nao waulizwe kila mmoja peke yake na majina yao yaandikwe. Sharti libaki, lakini limsikilize shahidi, lisitazame kufanana kwa majina.

"Na walioandikishwa tangu asubuhi?"

Hilo nalo nilikuwa nimeliwaza. Thamani ya kijivu haijaandikwa popote kwa mtu mwenyewe. Inaazimwa kwa mkuu wa kaya. Nikizima kurithi ghafla, kila mwenye jina la kijivu angebaki bila jina kabisa. Nikamwambia nitawatafuta wote wa kijivu kwanza, makarani wawaite na kuwauliza majina yao halisi, ndipo nizime.

Akachungulia mlangoni. Nje Mratibu alipuliza filimbi.

"Makao makuu hawajaruhusu," alisema.

"Hawajaruhusu."

"Una uhakika itafanya kazi?"

Tangu nifike ofisini kwake, sikuwa nimewahi kusema nina uhakika na chochote. Aliwahi kuniuliza kama ni Jumatano, nikamwambia nadhani.

"Nina uhakika," nilisema.

Aliniangalia kwa muda kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesimama dede kwa mara ya kwanza.

"Wewe? Una uhakika?" Akavaa sweta lake tena. "Basi fanya. Makao makuu wakipiga simu, niletee mimi."

Nilifanya kazi nimekaa juu ya kreti la sabuni, mashine mapajani. Faili la maelezo halikuwa refu. Kwenye sifa ya jina niliandika kwamba hairithiwi na kwamba haiwezi kuachwa tupu. Nikaongeza sifa ya uhusiano, nikaipa kisanduku cha kutafutia mtu, orodha ya kuchagua undugu, na nafasi za mashahidi. Nikalipitia. Nikalipitia tena, maana mimi ni mimi. Wakati huo Sabina alikuwa akipita kwenye foleni na kipaza sauti: "Wote walioandikwa leo asubuhi, njooni mniambie mnaitwa nani! Si baba yenu, ninyi!" Watu walikuja wakicheka. Sidhani kama kuna kitu kilichowafurahisha siku ile kuliko kuulizwa hivyo. Jina la mwisho la kijivu lilipogeuka jeusi, ndipo nikazima kurithi jina.

Shahidi wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyebeba sufuria kichwani.

"Hawa?" alisema. "Nilikuwapo wakizaliwa. Huyu mkubwa alitangulia kwa muda mrefu, mwenzake akawa hataki kutoka. Mpaka leo Butoyi ni mzito wa kuamka."

"Uongo!" alisema Butoyi, na hilo ndilo neno la kwanza tulilomsikia akilisema tangu atutajie jina lake.

Shahidi wa pili, mzee aliyekuwa upande mwingine wa uwanja, alisema yaleyale bila ya habari ya kuamka. Sabina akabofya Bukuru, akabofya uhusiano, akachagua Butoyi, pacha. Akachagua Ciza, mdogo wake. Akabonyeza Enta. Kwenye ukanda wa kulia zile kaya tatu zikawa moja, majina matatu yakiwa yameandikwa kwa herufi nyeusi, na kambi ikawa moja.

"Kabati limejaa," alisema Sabina.

Mratibu wa Safari aliwapandisha yeye mwenyewe. Alipopita mbele yangu alisema, "Siku nyingine uwe na uhakika mapema," akapuliza filimbi.

Simu ya makao makuu ilikuja kesho yake. Aliyepiga alijitambulisha kwa cheo kirefu, nami nikampelekea Mkuu wa Kitengo kama alivyoagiza. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo. Ndiyo, bila ruhusa. Nyumbani kwako mna jina moja wote? Hongera. Hapa hatuna." Walibishana kwa siku kadhaa. Mwishowe walituma mtu, dada mtaratibu, akakaa na sisi, akawasikiliza makarani, akauliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia. Toleo lililofuata lilikuja na uhusiano kama sifa ya kudumu kwenye vituo vyote, na jina halikurithiwa tena popote. Halikuwa na jina langu mahali popote, na sikulihitaji. Kila nilipofungua ukanda nilikiona kisanduku kile, nikajua nani alikiweka.

Baada ya hapo nilihamishiwa bara, kambi ya kusini, ofisi ya bati yenye vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye vitufe. Kwa hiyo sikuwapo pale kituoni siku mama yao wale wasichana watatu alipofika. Sabina alinipigia. Mama huyo alikuwa amekuja na boti nyingine, baada ya miezi, akiwa amevimba miguu, na aliposogea mezani hakutaja jina lake mwenyewe. Alitaja ya watoto. Sabina akatafuta Ciza, wakaja wengi. Akatafuta Ciza mwenye dada Bukuru na Butoyi, wakapungua, lakini bado walikuwa kaya kadhaa, maana mapacha hawakuanza jana. Akaongeza kijiji. Ikabaki kaya moja.

"Nikamsomea mashahidi," Sabina aliniambia kwenye simu. "Nilipofika kwenye yule wa sufuria akasema, huyo mwenye mdomo, yu hai?"

Kisha nikamsikia Sabina akiwaambia watu wa foleni wangoje kidogo.

"Chiza wa Wasiwasi," alisema. "Umefanya kazi."

Niliendelea miaka mingi. Nilitengeneza sifa za shule, za visima, za zahanati. Niliwafundisha makarani wengi, baadhi yao wakanipita. Mkuu wa Kitengo alirudi Iringa, akaniachia sweta, ambalo siwezi kulivaa Kigoma na siwezi kulitupa. Watu walianza kurudi kwao, kwanza wachache, kisha kwa mabasi. Siku moja tuliambiwa ofisi itafungwa.

Mnaonisoma mkiwa mnaanza kazi, nisingependa mdhani nawasifia wasiwasi. Umenichosha mwili, na dada zangu wote wawili husema umenichelewesha kuoa. Ninachosema ni kwamba kuna kazi zinazomhitaji mtu anayejiuliza, kwenye kila kisanduku kitupu, ni nani atakayeumia tukikijaza kwa niaba yake. Mimi nilikuwa mtu huyo, mahali pale, miaka ile. Nina uhakika.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa siku ya mabasi ya kurudi. Sikuwa na kazi. Nilisimama nyuma ya meza ya karani mpya, kijana wa Dodoma aliyeajiriwa miezi michache tu iliyopita, asiyejua Kiha wala Kirundi wala habari yoyote kati ya hizi. Mbele yake alisimama mama na binti zake watatu, mdogo wao akiwa sasa mrefu kuliko mapacha. Bukuru alikuwa amebeba mtoto mchanga mgongoni. Aliniona, akanikonyeza, hakusema kitu, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika.

Karani akabofya kaya, akabofya kuongeza mtu. Ukanda wa kulia ukafunguka. Kijiji kilijaa chenyewe kwa kijivu. Lugha ikajaa kwa kijivu. Kwenye jina, kisanduku kilibaki cheupe, na kitufe cha kuhifadhi kikakataa kubonyezeka.

Kijana akainua kichwa.

"Na huyu," aliuliza, "yeye anaitwa nani?"